Samaki wa rangi wa kijito chetu: tuanze kuwauza?

Safu ya maswali ya wafugaji na wapenzi wa samaki wa mapambo. Anayejibu alifungasha samaki wa Ziwa Tanganyika kwa miaka kumi na tisa. Sasa amestaafu, yuko Ujiji.

SWALI: Jambo Mama. Mimi ni kijana wa kijiji cha msituni, siku moja kwa baiskeli kutoka Kisangani. Nimesikia Brazil kuna mji unaoishi kwa kuuza samaki wadogo wa rangi wa mito ya msituni, na msitu wao bado umesimama. Na sisi tunao. Kuna wadogo wenye mapezi ya rangi ya machungwa, kuna wanaokaa juu ya maji kama kipepeo, kuna mdomo-tembo wanaotoka usiku. Mwezi uliopita alikuja mtu kutoka Kinshasa, akatuachia nyavu mbili na namba ya simu, akasema tukusanye elfu tano atakuja kuwachukua. Vijana tuko kumi na wawili. Tuvue wangapi kwa mwaka tusimalize kijito?
Kijana wa Tshopo

JIBU: Jambo sana, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikwama kwenye zile nyavu mbili. Nitazirudia.

Mji unaousema ni Barcelos, jimbo la Amazonas, kwenye mto Rio Negro, kama kilomita 400 juu ya Manaus. Samaki wao mkuu ni kardinali tetra. Ni kasamaki ka sentimita nne hivi, tumbo jekundu toka kichwani hadi mkiani, na ubavuni mstari wa buluu unaowaka kama taa ya pikipiki gizani. Wenyeji humwita piaba samaki yeyote mdogo wa aina hiyo, na mvuvi wake ni piabeiro. Biashara ilianza miaka ya 1950. Katika miaka yao mizuri zaidi ya samaki milioni 20 walikuwa wakitoka huko kwa mwaka, na mwaka unaofuata wavuvi wakirudi wanawakuta tena. Mwaka 1989 mtaalamu wa samaki Ning Labbish Chao, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu cha Manaus, alianzisha Projeto Piaba kuchunguza inawezekanaje. Kaulimbiu yao ni fupi: nunua samaki, okoa mti. Familia inayokula kwa sababu ya samaki wa msituni haioni faida ya kuuchoma msitu huo ilishe ng'ombe.

Sasa sikiliza kuhusu mto, maana hapo ndipo wengi wanaruka. Rio Negro maji yake ni kama chai ya rangi, meusi kwa utomvu wa majani, machachu, hayana karibu chumvi yoyote. Kila mwaka mto hupanda. Pale Manaus tofauti ya kiangazi na masika hufika kama mita 10, yaani minazi miwili mifupi, mmoja juu ya mwingine. Maji huingia msituni, samaki wanatawanyika katikati ya mashina ya miti, wanakula, wanazaa. Yakishuka, samaki wasiohesabika wanabaki kwenye vidimbwi. Vidimbwi vinakauka, ndege wanashiba. Kardinali wengi wa porini hawamalizi mwaka wa pili. Kwa hiyo piabeiro anayevua maji yakiwa chini anachukua, kwa sehemu kubwa, samaki ambao jua lingewachukua. Na wanaobaki wanazaa upesi, wengi kwa mpigo, wakijaza nafasi.

Sisi Kigoma tulikuwa na samaki wa tabia nyingine kabisa. Tropheus, samaki wa miamba ya Ziwa Tanganyika, anakaa kwenye mwamba wake. Kwenye mwamba huu ni mwekundu, ukipita ghuba moja ya mchanga unakuta wa njano, na wa njano hatavuka mchanga kumfuata mwekundu. Jike anabeba mayai kumi hivi mdomoni, karibu mwezi mzima, bila kula vizuri. Nilianza kazi nikiwa binti mdogo, na mwaka wangu wa pili wapiga mbizi walituletea Tropheus mia tatu kutoka sehemu moja kwa wiki moja. Tukafurahi, tukala pilau. Mwaka uliofuata waliporudi palepale walileta arobaini, wadogo. Hakuna aliyetuonya, na sisi hatukuuliza.

Ndiyo maana siwezi kukutajia namba kabla hujajua ni samaki gani. Wale wa kipepeo wanajulikana sana kwenye biashara, mdomo-tembo pia. Wa mapezi ya machungwa ndiye anayenitia wasiwasi. Akiwa ni mmoja wa killi, wale wadogo wa vijito vyembamba, anaweza kuwa na rangi isiyopatikana kijito cha pili, na hapo hadithi yake inakuwa ya Tropheus wangu. Weka watatu kwenye chupa, nenda Chuo Kikuu cha Kisangani, uliza Centre de Surveillance de la Biodiversité, kituo chao cha kufuatilia viumbe. Hapo kuna watu ambao kazi yao ni kuwatambua samaki hao. Baiskeli siku moja kwenda, siku moja kurudi. Ni bei ndogo.

Na wakikwambia majina, waulize pia wanazaa mwezi gani. Kerala, kusini mwa India, kuna samaki mzuri wa vijito vya milimani, mstari mwekundu na mweusi, wanamwita Miss Kerala. Soko la nje likampenda hadi akaanza kupungua mitoni, na sasa yumo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Serikali ya jimbo ikaweka miezi ya kufunga uvuvi: Juni, Julai na Oktoba. Watafiti walipokuja kuwapasua na kuangalia mayai wakakuta kilele cha kuzaa kinakuja baada ya miezi hiyo. Walifunga mlango wakati mwenye nyumba hayupo, wakaufungua alipoingia. Wewe mama zako wanajua ni mwezi gani samaki wa kijito wana mayai tumboni. Wanawapasua kila siku.

Hapo nikukamate kidogo. Umeandika "vijana kumi na wawili". Dada zako wako wapi? Kwenu kiangazi anayeziba kijito kwa udongo na matawi, akachota maji kwa beseni hadi samaki wanabaki matopeni, ni mwanamke. Yeye ndiye anayejua chini ya mzizi gani analala nani. Mkianza kuvua wa kuuza kwenye sehemu ileile anayotegemea kwa mboga ya watoto, ugomvi utaanza nyumbani kabla ya Kinshasa. Na kama kijiji bado kina mtu anayetia utupa majini, basi hakuna hesabu yoyote itakayosimama, kwa sababu utupa haubagui wa kuuza, wa kula na vifaranga. Mkutane wote, mkate kijito vipande: huku wa kula, huku wa kuuza, na huku juu kwenye chemchemi hakuna mtu.

Sasa vifo. Mwanangu, vifo ndivyo vinavyovua kijito. Mnunuzi akitaka mia na wewe unajua nusu watakufa, utavua mia mbili, na wale mia hawataonekana kwenye daftari la mtu yeyote. Nilijifunza hili kwa aibu. Samaki wa kusafiri hanyweshwi wala halishwi siku mbili kabla (naona mmecheka, samaki hanyweshwi, lakini bosi wetu wa kwanza alikuwa anasema hivyo na sisi tukazoea). Sababu ni kwamba akiwa na chakula tumboni atajisaidia ndani ya mfuko, na maji ya mfuko ni kidogo: theluthi maji, theluthi mbili oksijeni, mfuko juu ya mfuko, unazungusha shingo, unaikunja, unapiga mpira mara mbili. Usiku mmoja kijana mpya aliwaonea huruma, akawatupia chakula kiganja kizima. Asubuhi tukafungasha bila kujua. Mzigo ulilala uwanja wa ndege mmoja njiani, ndege imechelewa. Picha tulizotumiwa na mpokeaji zilionyesha mifuko kumi na minne ya maji meupe kama maziwa. Mimi ndiye niliyekuwa na zamu ya kuangalia sakafu ya tangi kabla ya kufungasha. Sikuangalia.

Piabeiro mzuri hamshiki samaki kwa mkono. Anakaa mbele ya mtumbwi, wavu wa fremu wanaouita rapiché umezama pembeni, na kwa kasia anawasogeza samaki polepole kama unavyoswaga kuku kuingia bandani. Akiuinua wavu hautoi nje wote. Tumbo la wavu linabaki majini, samaki wanaogelea ndani yake, naye anawachota pamoja na maji kwa kibuyu kilichokatwa. Kwetu tulitumia kata ya kifuu cha nazi, kazi ni ileile. Samaki akigusa wavu mkavu anapoteza ute wake, na wiki moja baadaye ana ukungu mweupe, wewe unasema ni ugonjwa. Kisha wanakaa kwenye vizimba vinavyoelea mtoni hadi boti ije, na boti inawabeba kwenye beseni za plastiki zisizo na kina, maji yanabadilishwa njiani, hadi Manaus.

Boti ya Barcelos hufika Manaus kwa siku moja au mbili. Kisangani hadi Kinshasa kwa mto ni zaidi ya kilomita 1,700, na wewe unazijua boti zenu kuliko mimi. Muulize huyo bwana: atawabeba kwa ndege kutoka uwanja wenu wa Bangoka au kwa boti? Akisema boti, mwambie akutumie picha za mzigo wake uliopita ulipofika. Hana picha, hana biashara.

Halafu zile nyavu. Barcelos walikuwa na mfumo wa tangu enzi za biashara ya mpira wa miti: bosi anampa mvuvi mchele, mafuta, sabuni, petroli, kwa deni. Mvuvi analipa kwa samaki, wanaohesabiwa kwa elfu, na bei ya elfu anaipanga bosi huyohuyo aliyepanga bei ya sabuni. Kuna waliofanya kazi miaka na deni halikupungua. Wa Brazil wanaosifiwa kwa kutunza msitu wamekuwa na jeraha hilo muda wote, na wanaowasifu hawalitaji sana. Nyavu mbili ni deni la kwanza. Zilipeni pesa taslimu au zirudisheni, kabla ya samaki hata mmoja. Kisha andikeni karatasi moja, kwa lugha mnayoielewa wote: bei ya kila aina, mahali pa kuhesabia, na nani anabeba waliokufa. Mimi ningesema: hadi wanapohesabiwa hai kwenye kizimba chenu, wafu ni wenu. Baada ya hapo ni wake. Ukibebeshwa wafu wa hadi Kinshasa utavua mara mbili kufidia. Usipobeba hata mmoja utawachota ovyo.

Kijito ni cha nani kwa karatasi? Nauliza kwa sababu siku mtakapoanza kupata, wa kijiji cha ng'ambo watakuja usiku na nyavu zao. Kwenu kuna amri ya 2014 inayoruhusu jamii kuomba konsesheni ya misitu ya jamii, yaani haki ya kusimamia msitu wao, hadi hekta 50,000, bila ukomo wa miaka. Ni safari ndefu ya makaratasi na ramani. Lakini bila kitu cha namna hiyo, kupumzisha kijito ni kumpumzishia jirani. Kibali cha kuvua na kusafirisha ni jambo jingine, hilo ulizeni ofisi ya mazingira na ya uvuvi ya mkoa, na huyo bwana aonyeshe cha kwake.

Haya, wangapi. Elfu tano, hapana. Anzeni na mia mbili, wa aina moja, mliyokwisha kuijua jina. Wawekeni kwenye kizimba kijitoni siku kumi. Wakifa zaidi ya kumi, hamjawa tayari, waachieni waliobaki mrudi kwenye mazoezi ya kibuyu. Wakiishi, uzeni. Kisha nunueni kaye moja, yaani daftari. Kila wiki mtu yuleyule, kwa wavu uleule, pale pale, saa moja ya asubuhi, avue kwa saa moja, aandike amepata wangapi na awarudishe. Msilinganishe mwezi huu na mwezi uliopita, maji yanabadilika. Linganisheni na mwezi kama huu wa mwaka jana. Wakipungua nusu, kipande hicho kilale mwaka mzima. Hiyo kaye ndiyo itakayokupa namba yako ya mwaka, na itakuwa ya kijito chako.

Mihogo msiiache. Barcelos leo hawauzi kama zamani. Kardinali sasa wanazalishwa kwenye mashamba ya Asia, Ucheki na Florida, kwa bei ya chini, na vijana wengi wameacha vibuyu, wengine wanawatembeza watalii wa kuvua kwa ndoano. Mwaka 2014 Brazil iliwapa samaki wa mapambo wa Rio Negro alama rasmi ya mahali wanapotoka, kama divai na jibini za Ulaya zinavyopewa, ili mnunuzi ajue tofauti. Bado mji huo una tamasha lake la samaki wa mapambo, nusu ya watu upande wa Kardinali, nusu upande wa Acará-Disco, samaki mwingine wa mapambo, wanashindana kwa ngoma na mavazi. Ningependa kuliona kabla magoti hayajanikatalia.

SWALI: Shikamoo Mama. Nimenunua kardinali sita hapa Kariakoo, muuzaji anasema ni wa Brazil. Wanne wamekufa siku ya tatu. Natumia maji ya kisima. Pia nina hatia moyoni, je, nikinunua wa porini naharibu mto wa watu?
Mwenye tangi dogo, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, binti yangu. Kisima cha Dar kimejaa chumvi na chokaa. Umemtoa samaki wa chai ya rangi ukamtia kwenye mchuzi. Kinga maji ya mvua (mvua ya kwanza iache ioshe bati), changanya nusu kwa nusu na maji uliyoyalaza ndoo siku mbili. Okota majani makavu ya mti wa mkungu, yale makubwa mekundu yaliyoanguka yenyewe, mbali na barabara. Yasuuze, tia mawili matatu tangini. Maji yatapata rangi ya kahawia, usiogope, ndiyo wanayoyataka. Mgeni akifika, elea mfuko wake tangini, ongeza kikombe kimoja cha maji ya tangi kila dakika kumi kwa saa nzima, taa imezimwa. Siku hiyo usimlishe. Na sita ni wachache, wanaishi kundini. Nunua kumi, lakini tangi likishatulia, si kesho.

Kama kweli wametoka Rio Negro sijui, na muuzaji wako huenda hajui pia, kwa maana wengi wa madukani ni wa mashambani. Muombe karatasi ya alikonunua. Wakiwa wa porini wa Barcelos, mimi ningelipa zaidi na kulala usingizi. Porini wengi hawamalizi mwaka wa pili, kwako wakitunzwa wanaweza kufika miaka mitano.

SWALI: Mama, niko Muheza. Vijito vya Amani vimejaa samaki wadogo na baridi yake nzuri. Na sisi tuige Brazil?
Fundi baiskeli

JIBU: Wapi hasa? Kama ni ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, ambayo ni hifadhi tangu 1997, usiingize hata chandarua bila kibali, utakuja kuniandikia barua inayofuata kutoka rumande. Halafu vijito vile ni vidogo, vya mlimani, havina mafuriko ya kutawanya samaki kilomita na kilomita msituni. Kumbuka mwamba wangu wa Kigoma. Kama una shamba lenye maji yanayopita nje ya hifadhi, nitumie urefu na kina chake, tuzungumze habari ya kuzalisha wako mwenyewe bwawani.